Bwawa limegeuka kijani, mbuzi kaanguka, mtoto anajikuna: tatizo liko wapi?

Sisi Zanzibar tumesomeshwa na kipindupindu. Kila kikija ni gari la matangazo mtaani, chemsheni maji, tieni dawa, na kweli tukachemsha na ikasaidia. Sasa mazoea hayo hayo ndo yanayoweza kutuponza kwenye hili ninalolielezea hapa, mana kuna sumu ya maji ambayo ukiichemsha haiondoki, na ukiitilia klorini ovyo ndo kwanza unaifungulia. Naandika kwa wenye mabonde ya mpunga, wafugaji, wenye mabwawa ya samaki, na zaidi kwa wale ambao mfereji haujatoa maji siku nyingi wakaona bora wateremke bondeni na madumu.

Wanaotengeneza hiyo sumu ni vijidudu vinaitwa sayanobakteria. Ni bakteria ila wanaishi kwa jua kama mimea, na wala usiwachanganye na mwani wanaolima kinamama wa Paje na Jambiani, ule ni kitu chengine kabisa. Kwenye maji baridi wapo karibu kila pahala, kidogo kidogo, hawana neno na mtu. Shida inaanza wakipata joto (kuanzia nyuzi 25 hivi, na joto hilo kwetu lipo karibu mwaka mzima), jua, maji yaliyotuama, na chakula, yaani fosforasi na naitrojeni inayotoka kwenye mbolea ya mpunga, mavi ya ng'ombe, vyoo vilivyojengwa juu ya bonde, na mapovu ya kufulia. Kwa hiyo wakati wa kufungua macho ni pale masika yameshasomba kila kitu yakakitia bwawani, kisha mvua ikakatika jua likawaka, au ile maleleji pepo zinapobadilishana hakuna hata jani linalotikisika, hapo bwawa linaweza kugeuka rangi kwa siku chache tu.

Unguja upande wa maweni tatizo hili ni dogo, maji yako chini kwenye visima na mapango na gizani hawa hawaoti. Kisima chako kilichofunikwa kikinuka tafuta sababu nyengine, choo cha jirani kwa mfano. Ninaowasemesha hasa ni watu wa mabondeni, Pemba kwa wingi, na kwa Unguja kule Cheju na mfano wake.

Maji yamekuwa kijani, nitajuaje ndo wenyewe?

Kijani chote si sumu, na hapa watu wanakosea pande zote mbili, wengine wanakimbia majani ya kawaida na wengine wanakoga kwenye sumu yenyewe. Chukua kijiti kirefu ukitie ukitoe. Kikitoka na nyuzi nyuzi ndefu zinazoning'inia kama nywele, hayo ni majani ya maji ya kawaida. Kikitoka na vijani vidogo vidogo vyenye vijizizi, hayo magugu yanayoelea, hayana sumu hii. Lakini kikitoka kimepakwa, yaani kijiti chote kina rangi kama umekichovya kwenye debe la rangi ya milango, basi shtuka.

Halafu tazama ukingoni. Utando wao unaelea kwa sababu ndani ya miili yao mna vifuko vya hewa, kwa hiyo asubuhi pakiwa shwari unapanda juu, mchana upepo ukichafua maji unazama ukachanganyika, mtu akija alasiri anasema mbona maji mazuri. Nenda alfajiri. Na upepo unausukuma: kusi likivuma utando unajikusanya ukingo wa kaskazini wa bwawa, kaskazi ikivuma unahamia kusini, sasa wewe ukisimama upande mmoja tu ukaona peupe usijipe moyo, zunguka bwawa lote. Utando unaoanza kufa unabadilika, pembeni unaona buluu ya kung'aa, ile buluu ni rangi iliyokuwa ndani ya vijidudu sasa imemwagika, na kama rangi imetoka ujue na sumu imetoka. Ukikauka juu ya tope unakuwa gamba jeupe au la kijivu, na gamba hilo linaweza kubaki na sumu kwa miezi, kwa hiyo watoto wasilichezee na ng'ombe wasililambe.

Kama bado una shaka fanya jaribio la chupa. Vaa glavu, au mfuko wa plastiki mkononi ukikosa, teka maji chini kidogo ya uso (usikombe utando peke yake) kwenye chupa ya kioo inayoona ndani, ijaze robo tatu, funga, futa nje, itie kwenye friji usiku kucha na waambie watu wa nyumbani wasiiguse wala wasidhani ni sharubati. Asubuhi itoe polepole bila kuitikisa. Kijani kikiwa kimekaa juu kama pete kuizunguka chupa, hiyo ni ishara ya sayanobakteria. Kikiwa kimetuama chini, zaidi ni mimea midogo ya kawaida. Kikiwa juu na chini, hujapata jibu, hesabu ni wao.

Ila chupa haikwambii kama hao uliowapata wana sumu au hawana. Aina moja ile ile, mfano Mikrosistisi ambayo ndo maarufu kuliko wote na inajaa ghuba za Ziwa Victoria upande wa Mwanza na Kisumu, ina wenye sumu na wasio na sumu wamechanganyika bwawa moja, na hata kwa hadubini huwezi kuwatenganisha, mpaka maabara ipime sumu yenyewe. Kwa hiyo mimi nasema utando ukiuona chukulia ni sumu, anayebisha alete majibu ya maabara.

Harufu nayo isikudanganye. Ile ya udongo mbichi au ya uvundo wa kuvu inatokana nao mara nyingi lakini yenyewe haidhuru, na maji yasiyonuka yanaweza kuwa na sumu.

Mbuzi au ng'ombe kaanguka kando ya bwawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mara nyingi mnyama ndo anaonesha kabla ya mtu. Habari ya mwanzo kabisa kuandikwa kitaalamu ilikuwa ya wanyama, mwaka 1878 Australia, Ziwa Alexandrina, kondoo na farasi na mbwa walikunywa maji yenye utando wakafa. Mwaka 2020 Botswana, tembo zaidi ya 300 walikufa eneo la Okavango na serikali yao ikasema ni sumu ya vijidudu hivi kwenye maji waliyokunywa.

Sumu ziko za namna mbili kubwa na dalili zake hazifanani. Ya mishipa ya fahamu inafanya haraka, dakika hadi masaa: mnyama anatokwa na udenda, anatetemeka, anayumba, anaanguka akipiga miguu, pumzi inakata. Ya ini inachukua masaa hadi siku: analegea, hataki kula, anaharisha, pengine na damu, ufizi unapauka. Anayenusurika na ya ini anaweza kuanza kuungua na jua, utaona ngozi ya masikio na sehemu zenye manyoya meupe inachubuka, na mwenyewe asijue kabisa kwamba chanzo ni bwawa la wiki iliyopita.

Kabla hujalilaumu bwawa, uliza mambo mawili. Amekula majani au maganda ya muhogo mabichi? Muhogo mchungu unaua mbuzi upesi tu na dalili zinakaribiana. Kuna dawa ya kupe au ya wadudu wa shamba imemwagwa karibuni? Majibu yakiwa hapana, na ukaona mdomoni na kwatoni kuna kijani kilichokaukia, basi rejea bwawani. Toa mifugo yote hapo sasa hivi, waoshe manyoya kwa maji mengine mana wakijilamba wanaila tena, wape maji safi, waweke kivulini, mwite daktari wa mifugo na umwambie wazi kuhusu utando. Dawa ya kuiua sumu yenyewe hakuna, ni kumsaidia mnyama tu ashinde mwenyewe.

Na kuna lile la kwetu: mnyama akianza kukata roho mtu anakimbilia kisu asije akawa nyamafu. Sawa, lakini kisu hakiondoi sumu iliyoko kwenye ini. Nyama hiyo usile, usiuze, usigawe kwa jirani, na maini ndo kabisa, fukia mbali na maji.

Mtoto anajikuna, au watu wanatapika

Muwasho baada ya kukoga bondeni kwetu una washukiwa wengi na wa kwanza siku zote ni kichocho. Namna ya kuwatenganisha: muwasho wa utando unakuja ndani ya masaa, upele mwekundu pengine na malengelenge, na unakuwa mbaya zaidi pale nguo ilipobana, kiunoni, chini ya kanga au kaptula iliyolowa, kwa sababu utando umenaswa hapo ukakaa. Macho mekundu, koo linawasha, pua inatoka maji. Kichocho chenyewe kinapitia kwa konokono na hakihitaji maji ya kijani, maji maangavu yenye majani na konokono yanatosha, na dalili kubwa ya kwetu ni damu kwenye mkojo baada ya wiki au miezi. Lakini bwawa moja linaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo mtoto aliyekoga kwenye utando akapona upele bado apelekwe apimwe mkojo, na akikutwa nacho kidonge chake kinajulikana, prazikwantel, wala hakihusiani na sumu hii.

Wa upele mvue nguo, umwoshe kwa maji safi na sabuni, basi, wengi wanatulia wenyewe siku chache. Aliyemeza ndo wa kuangaliwa. Tumbo kukata, kutapika, kuharisha, kichwa, homa, huanza masaa machache mpaka siku kadhaa baadae. Kama anaharisha maji matupu mfululizo usikae kupiga ramli hii ni sumu au kipindupindu, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakti (yaliyokorogwa kwa maji salama, si ya bwawa) na safari ya hospitali ianze. Macho yakiwa manjano, mkojo ukakoza rangi, maumivu chini ya mbavu za kulia, au midomo na vidole vinakufa ganzi, mwili unakosa nguvu, pumzi nzito, huko hakuna kusubiri asubuhi. Mwambie daktari kabisa: alikunywa au alikoga maji yenye utando wa kijani, siku fulani. Asipoambiwa hawezi kukisia, atatibu malaria.

Watoto wako hatarini zaidi, miili midogo na wanakunywa maji wakipiga mbizi. Na kuna njia moja sijaona inasemwa: udhu. Mtu yuko shamba, adhuhuri imefika, anashuka bwawani anasukutua na kupandisha maji puani mara tatu, mara tano kwa siku, hayo ni maji mengi yanayopita kinywani na puani. Chukua kidumu cha maji kutoka nyumbani. Habari za tohara ya maji yaliyobadilika rangi waulizwe masheikh, mimi nasema ya afya tu.

Tumechemsha na bado

Sumu ya ini inayoitwa mikrosistini haivunjiki kwa kuchemka. Ukiyachemsha maji ya kijani unavipasua vile vijidudu, sumu iliyokuwa ndani inamwagika yote majini, na mvuke ukipotea maji yanapungua sumu inabaki, kwa hiyo sufuria yako ina sumu nzito kuliko dumu. Agosti 2014 mji wa Toledo huko Marekani, watu karibu laki 5 waliambiwa wasinywe maji ya mfereji kwa sababu ya utando wa Ziwa Erie, na tangazo lilisema waziwazi msichemshe.

Vidonge vya klorini: kwenye mtambo wa maji, vijidudu vikishachujwa kwanza, klorini ya kutosha iliyoachwa muda wa kutosha inaweza kuivunja mikrosistini. Kwenye dumu lako lenye kijani haifanyi hivo, uchafu wote unaila klorini kwanza na kinachobaki kinapasua vijidudu. Shabu inatuliza maji yakawa maangavu, ila sumu iliyokwishayeyuka inabaki humo humo, na maji maangavu yenye sumu nayaogopa kuliko ya kijani kwa sababu hakuna atakayeyakataa. Kuchuja kwa kanga, hivo hivo. Chujio la udongo linazuia vijidudu, sumu iliyoyeyuka inapita. Kinachoweza kuinasa ni mkaa maalumu uliotengenezwa kwa kuchujia maji, wala usiniambie mkaa wa jikoni, si huo. Maji ya chupa yaliyowekwa juani pia bure.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha maikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita ya maji ya kunywa ya kila siku, 12 kwa muda mfupi tu, na 24 kwa maji ya kuogelea. Gramu 1 ya sumu hiyo inatosha kuyafikisha maji lita milioni 1 kwenye kipimo cha kunywa. Sasa mambo ya kukisia kwa kuonja yaacheni.

Kwa hiyo jawabu la maji ya kunywa ni moja, kubadilisha chanzo: kisima, mfereji, mvua, gari la maji, hata kama ni mbali. Na la gari uliza limejaza wapi. Mwaka 1996 mji wa Caruaru, Brazil, kituo cha kusafisha damu za wagonjwa wa figo kililetewa maji kwa gari kutoka bwawa lenye vijidudu hivi bila kusafishwa inavyotakiwa, wakafa zaidi ya watu 50, sumu iliingia moja kwa moja kwenye damu.

Samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Hii mara nyingi ni hewa. Mchana ule utando unatoa oksijeni, usiku unaivuta, ikifika alfajiri maji yamekauka oksijeni na perege wanapanda kuhema. Utando ukifa kwa mkupuo ndo samaki wanaelea. Punguza chakula cha samaki mara moja, ingiza maji mapya polepole au washa pampu iyarushe maji juu. Samaki waliokufa wasiende sokoni. Walio hai usivue wakati utando upo, na wakivuliwa baadae utumbo na maini tupa, osha minofu kwa maji safi.

Tangi la nyumbani

Kijani kwenye kuta za tangi la plastiki jeupe mara nyingi ni mimea ya kawaida tu kwa sababu mwanga unapenya. Mwaga, sugua, suuza na klorini tangi likiwa tupu, kisha funika na ulipake rangi nyeusi au uliweke kivulini. Lakini ikiwa ulilijaza kwa pampu kutoka bwawani, hapo si tangi, ni bwawa.

Nimetia mrututu, kijani kimekwisha

Hili naliogopa kuliko yote kwa sababu linaonekana limefaulu. Mwaka 1979 Palm Island, Australia, watu waliona bwawa lao la kunywa lina utando wakatia mrututu (ile dawa ya buluu ya shaba) kuuua, na baada ya siku chache watu 148, wengi wao watoto, wakaugua ini na matumbo, wengine wakalazwa na figo zimeathirika. Vijidudu vilikufa vyote kwa pamoja, sumu yao ikamwagika mara moja majini. Kama limeshafanyika, funga bwawa, weka kibao na mtu wa kukaa hapo, mwambie sheha, na watu na mifugo wasiguse maji hayo wiki kadhaa hata yawe maangavu vipi.

Bwawa linatibiwa kwenye chakula chake. Acha ukanda mpana wa majani kati ya shamba na maji, mbolea usiitie mvua ikiwa inakuja, ng'ombe wanyweshwe kwenye hori mbali na ukingo badala ya kuingia na kunya humo, kufulia kuhamishwe. Kiangazi bwawa likipungua toa lile tope jeusi la chini, fosforasi ya miaka yote imelala hapo na ikichafuliwa inarudi. Ukiweza kuyatembeza maji yasituame fanya, lakini usiyafungulie kwenye kijito wanachoteka wenzako wa chini. Mpunga wenyewe ukimwagiwa kwa chini hauna shida sana, mboga za majani ndo usizinyunyizie maji hayo juu.

Ukitaka yapimwe, zungumza na afisa afya wa wilaya kwanza akwambie chupa gani na ipelekwe wapi, usiende na chupa ya soda. Sampuli ikae gizani na kwenye barafu, ifike siku hiyo hiyo, na uandike juu yake mahali, tarehe, saa, na upepo ulikuwa unatoka upande gani.